Profesa wa Uzi wa Pili

Profesa hakupenda mtu aseme kwamba kirusi kinataka kitu. Mwanafunzi akisema, "Hapa kirusi kinataka kujificha," yeye alishusha miwani na kuuliza, "Kilikuambia?" Halafu alingoja. Hakuwa anatania. Alingoja kweli, mpaka mwanafunzi ajirekebishe: kirusi hakisomwi, jeni zake hazinukuliwi, basi. Tuliopita mikononi mwake tulizoea kusema hivyo, na hadi leo nikimsikia mtu redioni akisema virusi ni wajanja, nataka kumsahihisha.

Ila yeye mwenyewe akichoka alisema. Nilimkuta zaidi ya mara moja amesimama mbele ya friza kubwa mlango ukiwa wazi, akinung'unika kwa Kiswahili cha Bukavu: "Njo huyu. Analala tu. Anatungojea." Akiniona, alijifanya anasoma lebo.

Niliingia maabara yake Johannesburg mwaka 2015, nikitokea Kigoma, na niliondoka 2019. Sijui alizaliwa lini wala wazee wake walikuwa nani. Hakuwa mtu wa kuulizwa mambo hayo, na mimi sikuuliza. Ninachokijua ni kile kinachojulikana kwa kufanya kazi chini ya mtu kila siku: anavyokula, anavyokasirika, asichopenda kusema.

Alikula mkate wa Wareno na dagaa wa kopo, kila mchana, akiwa amesimama. Mkate aliununua mtaa wa Rosettenville Jumapili akitoka kanisani, na ulipofika Alhamisi ulikuwa mgumu kama ubao, lakini hakununua mwingine mpaka Jumapili. Alikuwa mfupi, mikono mikubwa, na sauti nzito iliyotangulia kufika kabla yake. Alivaa sweta chini ya koti jeupe hata miezi ya joto. Alitembea kwa miguu kutoka Troyeville alikokaa, na kwenye kila robot alisimama mpaka taa iwe ya kijani, hata barabara ikiwa tupu. Watu wa mji ule hawana desturi hiyo. Nilimwona mara moja amesimama peke yake ukingoni huku umati wa watu ukimpita kushoto na kulia, naye anaitazama taa nyekundu kama mtu anayesoma.

Ungedhani basi nyumbani kwake kulikuwa na mpangilio. Hakukuwa nao. Sufuria zake zote zilikuwa zimeungua. Alisahau maji jikoni, alisahau funguo nje ya mlango, alivaa soksi za rangi mbili. Utaratibu wake wote aliutumia maabara, na jioni haukuwa umebaki wa kupeleka nyumbani.

Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Profesa." Alisimama kidogo, akafikiri, akajibu, "Bonjour, mama." Kwao hawaamkiani hivyo. Kesho yake nilimwamkia tena, naye akajibu, "Bonjour, mama." Baadaye mtu alimweleza kwamba jibu ni marahaba, na tangu hapo alijibu marahaba kila mtu aliyemsalimia, wakiwemo wafagizi Wazulu waliomwambia "Sawubona", nao walimcheka kwa heshima. Alikosea kwa bidii vilevile kama alivyopatia.

Kiingereza chake kilikuwa kizuri, lakini jambo likiwa gumu aliingia kwenye Kiswahili bila kujijua, na Kifaransa kikijitokeza hapa na pale. Wanafunzi wenzangu, vijana wa Soweto na Limpopo, waliacha kuandika na kunigeukia. "Eish, amesemaje?" Nikawatafsiria. Nadhani hiyo ilikuwa sehemu ya sababu ya kunichukua, ingawa hakuwahi kusema.

Kazi yake ilikuwa na jina refu la Kiingereza. Kwa Kiswahili aliiita uzi wa pili.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, kila moja ikielekea upande wake. Jeni inaposomwa, seli inanukuu uzi mmoja na kupata RNA, na kwa RNA hiyo inatengeneza protini. Kirusi cha Ukimwi kikiingia kwenye chembe nyeupe ya damu kinajishona ndani ya DNA ya mtu, na tangu hapo kinasomwa kama jeni nyingine yoyote. Kwa muda mrefu wataalamu walikitazama kikisomwa kutoka mwanzo kwenda mwisho. Uzi wa pili waliuona kama upande wa ndani wa nguo, ule usiovaliwa nje. Profesa alikuwa miongoni mwa wale waliosema kwamba seli inausoma na huo pia, kutoka mwisho kurudi mwanzo, na kwamba RNA inayotokana na kusomwa kinyume si takataka. Inarudi hadi pale unukuzi wa kawaida unapoanzia, inavuta protini zinazokaza DNA, na mahali pale pakikazwa hapasomeki. Kirusi kinabaki mle ndani, kizima, kimya. Dawa hazikiondoi, kwa sababu dawa zinazuia kirusi kinachozaliana, na hiki hakizaliani. Mtu akiacha dawa, siku moja kinaanza kusomwa tena.

Alipenda kutuonyesha kwamba jambo hili si la kirusi kimoja. Alitutajia kile cha malengelenge ya mdomo, kinachojificha miaka kwenye mishipa ya fahamu: kikilala, karibu kitu pekee kinachosomwa kwake ni upande wa kinyume wa jeni ambayo ingekiamsha. Alitutajia ndugu wa kirusi cha Ukimwi, yule anayewaletea watu wachache saratani ya damu, ambaye uzi wake wa pili unatengeneza protini kabisa, na protini hiyo inaziweka hai seli alimokaa huku upande wa mbele ukinyamaza. Akisema haya uso wake ulibadilika. Hakutabasamu, lakini alisahau mkate mkononi.

Mifano aliikataza. Mwenzangu mmoja aliwahi kusema kwamba ni kama magari mawili yanayokutana kwenye njia nyembamba, la huku likalizuia la kule. Profesa akamwambia, "Gari iko na dereva. Hapa dereva iko wapi?" Aliamini kwamba mfano ukishamwingia mtu kichwani, mtu anaanza kuuchunguza mfano na kuliacha jambo lenyewe.

Jambo alilolitaka kweli alilitamka mara chache, na kwa sauti ya chini. Kama usomaji wa kinyume unakifunga kirusi, basi ukiongezwa nguvu ungefunga moja kwa moja, na mwenye kirusi angeishi nacho bila kidonge cha kila siku. Kwenye maombi ya ufadhili ilibidi aandike hivyo waziwazi. Akimaliza kuandika alikwenda kunawa mikono.

Kila mwanafunzi wake alipitia siku ya mrija mtupu. Yangu ilikuja mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimeitafuta ile RNA ya kinyume kwenye seli za chupa, zinazokuzwa maabara, na nikaipata: mstari mweupe kwenye picha ya jeli tunayopimia vipande vya DNA, mnene, usio na shaka. Nilimpelekea nikiwa nimevaa nguo nzuri.

Aliitazama picha muda mrefu. "Na mrija bila kianzio?" aliuliza.

Kianzio ni kipande kifupi cha DNA unachokitia ili unakili RNA ya upande unaoutaka tu. Usipokitia, hupaswi kupata chochote. Nilisema sikuuweka mrija huo, kwa kuwa matokeo yanaonekana wazi.

"Fanya," alisema.

Nilifanya. Mrija usio na kianzio nao ulitoa mstari mweupe, mwembamba kidogo kuliko wa kwanza. RNA hujikunja, ikajishika yenyewe, ikajianzishia. Sehemu kubwa ya nilichokiona haikuwa kitu. Nilikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa.

"Miye pia," alisema. "Zamani, maabara ingine. Nilitangaza. Batu bakapiga makofi. Kisha nikaweka mrija mtupu." Aliwaandikia wahariri yeye mwenyewe na kuwaambia waliondoe andiko lake. Hadithi hiyo aliisimulia kwa fahari, kama wengine wanavyosimulia tuzo. Akanifundisha njia ya kuuondoa ule uongo, ikanichukua miezi, na mstari uliobaki mwishoni ulikuwa hafifu lakini wa kweli.

Ninasema haya ili ieleweke alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu kilichofuata hakifanani naye.

Aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa la Wakongo kule Rosettenville, ukumbi juu ya duka la vigae. Wenzake wa chuo walishangaa. Yeye hakuona cha kueleza. "Pale ninaimba," alisema. "Hapa ninapima." Mchungaji wake alikuwa mtu wa Kalemie, mlinzi wa jengo la ofisi siku za kazi, mpole, mwenye sauti ya kuvutia. Kwenye ibada kulikuwa na nafasi ya watu kutoa habari njema zao: aliyepata karatasi za ukimbizi, aliyefungua tena duka lake baada ya fujo dhidi ya wageni.

Umbali mfupi kutoka kanisani palikuwa na saluni ya Esperansi, mama wa Uvira. Profesa ndiye aliyenielekeza kwake nilipolalamika kwamba nywele zangu hazina wa kuzisuka. Alikuwa na mikono mepesi na mdomo usiofichaficha. Kwamba ana virusi, na kwamba mumewe alimwacha kwa ajili hiyo, alikueleza mara ya kwanza tu ulipoketi, akikuchana, ili usije ukasikia kwa mwingine.

Siku moja ya mwaka 2016 nilimkuta anaimba. Alinisuka huku akinieleza kwamba habari ya virusi kwake imekwisha. Kliniki ilimpima wingi wa virusi, na karatasi ikasema havionekani. Jumapili moja, wiki kadhaa nyuma, aliipeleka kanisani akaisoma mbele ya watu. Ukumbi mzima ulisimama. Mchungaji alimwekea mkono kichwani, akasema Bwana amefuta. Kwaya ikaimba. Dawa alizifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaziweka juu ya kabati.

Nilimwambia kuwa havionekani haina maana havipo, na kwamba ni dawa zenyewe zilizofanya visionekane. Hakukasirika. Aliniinamisha kichwa kwa kidole ili afikie kisogo.

"Dada," alisema, "Papa Profesa alikuwa pale. Hii ni kazi yake. Nilimtazama yeye. Kama si kweli, angeimba?"

Jumatatu asubuhi nilimkuta Profesa anavaa glavu, nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akazivua glavu, moja moja, akazitupa, ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Aliacha dawa?"

"Ameacha, Profesa."

"Nilifikiri anajua," alisema. "Nilifikiri kila mtu anajua." Alichukua jaketi, akaondoka saa hiyohiyo, akiacha sampuli mezani, jambo ambalo angemfukuzia mtu. Nikazirudisha kwenye friza na kumfuata. Nilimpata kwenye stendi ya taxi za kusini. Tulikaa kiti kimoja.

Saluni ilikuwa na mteja mmoja, msichana aliyekaa chini ya kikaushio na hakusikia kitu. Esperansi alimkaribisha Profesa kiti. Yeye akabaki amesimama.

"Uliacha dawa," alisema.

"Nimepona, Papa."

"Hukupona. Kliniki inapima vile viko kwenye maji ya damu. Haipimi vile vinalala ndani ya chembe. Vile viko."

"Umeviona?"

"Ndani yako, hapana. Kwa wengine, niliona."

"Kwangu hujaviona, lakini unajua viko."

"Najua."

Esperansi aliweka kitana chini. Aliuliza polepole, kama anayeulizia bei ya kitu ambacho hakijaandikwa bei. "Na Jumapili ile, ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Profesa alilihamisha jaketi kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Nilikuwa kwenye kwaya," alisema.

Esperansi alikichukua tena kitana. Hakuinua sauti. "Mchungaji si daktari," alisema. "Mchungaji anasema kile anaamini. Simlaumu. Weye ulijua, ukaimba."

Profesa aliinamisha kichwa, akamwomba jambo moja tu: arudi kliniki, akapimwe tena. Esperansi alikubali, nadhani ili amwonyeshe kwamba amepona. Alikwenda, na virusi vilikuwa vimerudi, kwa maelfu. Kwa bahati dawa zilezile zilimkubali tena. Mfuko ulishuka kutoka juu ya kabati. Lakini kanisa lile hakulikanyaga tena, na aliniambia, kwa utulivu uleule, kwamba mzee asije saluni kwake.

Mimi niliendelea kusukwa pale. Kila niliporudi na nywele mpya Profesa alizitazama kwanza, halafu akauliza, "Hajambo?" Nikasema hajambo. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuwa na ruhusa ya kusema zaidi.

Wiki chache baadaye alimwomba mchungaji nafasi ya kuzungumza kanisani. Aliniomba nije. "Weye usikilize kama ninaeleweka," alisema. Mimi ni Mwislamu. Nilikaa safu ya mwisho na mtandio wangu, na mhudumu mmoja akaniletea maji na kunibembeleza nisogee mbele.

Hakueleweka. Alianza na nyuzi mbili. Akaeleza unukuzi, akaeleza protini zinazokaza DNA, na kwa kuwa mifano aliikataza hakuweka hata mmoja. Watu walimsikiliza kwa adabu ya watu wanaosikiliza hotuba ya mgeni. Aliposema kirusi kinasomwa kinyume, mzee mmoja mbele yangu akasema, "Amina." Mtoto alilia, akatolewa nje. Mchungaji alitazama saa kwa siri.

Halafu Profesa alinyamaza katikati ya sentensi. Alivua miwani.

"Wapendwa," alisema. "Karatasi ikisema havionekani, musiache dawa. Ni dawa njo inafanya visionekane. Nilijua hii. Nilikuwa nimesimama pale." Alionyesha nafasi yake kwenye kwaya. "Niliimba. Mama mmoja aliumia."

 Mchungaji aliinuka. Angeweza kumfunika kwa maneno, kipaji hicho alikuwa nacho. Alisema tu, "Tumesikia. Habari njema tutaendelea kusimulia. Na dawa tutaendelea kumeza, mpaka daktari aseme." Tangu siku ile, nasikia, aliyekuja na karatasi ya kliniki aliulizwa kwanza kama bado anameza dawa, mbele ya watu.

Kwaya ikaimba. Profesa alirudi kwenye mstari wake lakini hakufungua mdomo.

Nje aliniuliza, "Nilieleweka?"

"Mwishoni, Profesa."

"Na mwanzo?"

"Mwanzoni hapana."

Aliitikia kwa kichwa kama anayepokea matokeo.

Habari zilimfikia Esperansi kabla ya mimi kumfikia. Alikuwa amekasirika kuliko mara ya kwanza. "Ananisema mbele ya watu," aliniambia, "na mimi sipo. Nani hajui mama mmoja ni nani?" Nikasema labda mzee alitaka kutengeneza. "Basi aanzie palipoharibika," alisema.

Sikumfikishia Profesa maneno hayo. Esperansi hakuwa amenituma, na Profesa hakuwa ameniuliza.

Kazi yetu iliendelea. Kwenye seli za chupa, zile zinazokuzwa maabara mwaka hadi mwaka, uzi wa pili ulifanya kila alichokitabiri. Tuliongeza RNA ya kinyume, kirusi kikanyamaza. Tuliipunguza, kikaanza kusomwa. Ilikuwa safi mno. Kisha tukapata damu ya watu waliojitolea, watu wanaomeza dawa. Esperansi alisikia kwangu kwamba tunatafuta watu, akaniambia nimpe mzee damu yake, kama anaitaka. Nilishangaa. Profesa alikataa. Alisema hawezi kumpima mtu anayemjua, kwamba atakuwa anaona anachokitaka. Huenda ilikuwa kweli. Esperansi aliposikia alicheka kidogo, bila furaha, akasema, "Basi hata damu yangu anaiogopa."

Kwenye damu ya watu, RNA ya kinyume ilikuwepo. Hilo lilisimama hata mbele ya mrija mtupu. Lakini ilikuwa kidogo, na haikulingana. Kwa mmoja ilikuwa nyingi na kirusi kiliamka upesi. Kwa mwingine haikuonekana na kirusi kililala fofofo. Nilirudia na kurudia. Niliogopa kumwonyesha, kwa sababu alikuwa anajiandaa kuzungumza mbele ya wataalamu waliokuja mjini, na wengi wao walikuja kusikia kwamba kirusi kinafungika.

Alizitazama karatasi zangu akiwa amesimama, mkate mkononi. Akasema, "Bon." Akaketi, akaanza kubadilisha hotuba yake.

Siku ya mkutano alionyesha seli za chupa kwa dakika chache na kutumia muda wote uliobaki kwa damu ya watu. Alisema uzi wa pili unasomwa, kwamba unachangia, kwamba haufungi peke yake, na kwamba haelewi kwa nini. Mtu mmoja ukumbini aliuliza kama hilo ndilo hitimisho. Profesa akajibu, "Ndiyo iko mbele yetu." Makofi yalikuwa ya wastani. Mfadhili mmoja hakuja kwenye chakula cha jioni. Nilimwangalia Profesa usoni nikitafuta uchungu, na kama ulikuwepo ulikaa mahali nisipopaona. Njiani alisimama kwenye kila robot, kama kawaida.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka 2019. Alikuwa amestaafu, mimi nimemaliza, na tiketi yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa imeshakatwa. Nilipanda Troyeville mchana kumuaga. Alinitengenezea chai, akaisahau, nikaenda kuiokoa. Tuliongea juu ya hospitali ya Kigoma nilikopata kazi, juu ya umeme wake, juu ya friza. Alinionya kuhusu friza kwa urefu.

Nilikuwa na ujumbe. Safari hii nilikuwa nimetumwa. "Profesa," nilisema, "Esperansi amejifungua. Mtoto wa kike. Alisema nikikuona nikuambie."

Aliweka kikombe chini. "Mtoto amepimwa?"

"Amepimwa. Hana."

"Walimpima kingamwili au kirusi chenyewe? Kwa mtoto mchanga kingamwili ni za mama, zinadanganya."

"Kirusi chenyewe. Zaidi ya mara moja."

"Na mama anameza dawa?"

"Hajakosa."

Aliinuka, akakusanya vikombe, kikiwemo changu kilichokuwa bado na chai, akaviosha. Alivikausha. Alikaa ameipa mgongo meza, kitambaa mkononi. Kisha akachukua jaketi.

"Twende," alisema.

Tulipanda taxi mpaka mjini, tukabadilisha, tukashuka Rosettenville. Saluni ilikuwa imejaa, siku ya mwisho wa mwezi. Esperansi alimwona kwenye kioo kabla hajaingia. Mikono yake iliendelea kusuka.

"Papa Profesa," alisema. "Ingia. Usizibe mwanga."

Aliingia. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, amefungwa kitenge. Wanawake walimpisha mzee, yeye hakukaa.

"Nilikuja kusema," alianza.

"Niliambiwa ulisema. Kanisani."

"Kule niliwaambia wao," alisema Profesa. "Weye sijakuambia."

Mteja aliyekuwa anasukwa alitazama kioo, halafu akatazama magoti yake. Esperansi aligawa mstari mwingine wa nywele kwa ncha ya kitana.

"Nilijua, nikanyamaza," alisema Profesa. "Nisingenyamaza kwa karatasi ya maabara yangu. Kwako nilinyamaza. Unisamehe, mama."

 Esperansi alimaliza msuko aliokuwa ameuanza, akaufunga ncha. Kisha alifungua fundo la kitenge kifuani, akainama, akamtelezesha mtoto mbele.

"Mgongo wangu umechoka," alisema. "Mshike huyu."

Profesa alimpokea kwa mikono miwili, viwiko vimekaza, kama mtu aliyepewa kitu kilichojaa hadi ukingoni. Mtoto akaamka, akakunja uso, akaanza kulia.

"Tembea naye," alisema Esperansi, akiwa ameshashika msuko mwingine. "Ukisimama analia."

Akatembea. Nafasi ilikuwa ndogo, viti vingi, na yeye si mtu wa kupita kwa wepesi. Niliagana nao, nikamkumbatia Esperansi, na Profesa nikamwambia kwaheri kwa sauti tu kwa kuwa hakuwa na mkono wa kunipa. Nilipotazama nyuma kutoka mlangoni, mtoto alikuwa amenyamaza na mzee bado anakwenda na kurudi, na Esperansi alikuwa anawaambia wateja wavute miguu ndani ili apate pa kupita.